Panya, tumbili na huzuni isiyoisha: Kwa nini dawa ya sonona huchukua majuma?

Je, mzazi wako aliye mashambani ameacha kujali mambo aliyoyapenda? Tuseme yuko Longisa, kando ya barabara ya kutoka Narok kwenda Bomet, na kila unapopiga simu kutoka Nairobi unaambiwa bado amelala ingawa jua limeshapanda. Hali vizuri. Mnadani haendi, kanisani haendi, na chai ya maziwa inapoa mbele yake. Usiku huamka saa tisa na kukaa macho mpaka kuche. Jirani mmoja atasema ni uzee, mwingine atasema ni uvivu, na hakosi wa kunong'ona kwamba mzee amerogwa.

Huenda ni ugonjwa, na una tiba. Madaktari huutambua kwa dalili zinazodumu majuma mawili au zaidi: huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, usingizi kuvurugika, nguvu kuisha, mtu kujiona hana thamani, na wakati mwingine kutamani kufa. Waandishi wa Kiswahili wameupa jina la sonona. Si kila huzuni ni sonona. Aliyefiwa hulia, na baada ya muda hurudi shambani. Mgonjwa wa sonona harudi.

Mara nyingi kinachotangulia ni dhiki ya muda mrefu, na huko Longisa dhiki si jambo la kutafuta vitabuni. Mwezi Septemba 2011 ugonjwa mpya wa mahindi uliripotiwa katika tarafa hiyo hiyo ya Longisa, kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Ulitokana na virusi viwili vinavyosaidiana, na wakulima waliujua kwa herufi MLN. Majani yalikauka mahindi yakiwa bado machanga, na mengine yakatoa magunzi matupu. Mtu aliyekopa pesa za mbegu na mbolea alisimama akitazama shamba likifa, na hakuwa na dawa ya kunyunyiza ambayo ingeliponya. Hali hiyo, ya kuona jambo baya likija na huna la kufanya, ndiyo ambayo wataalamu wa dawa wamekuwa wakijaribu kuielewa kwa kuchunguza wanyama.

Tumbili wa Karen

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti Montreal, Canada, aliandika kwamba panya waliotiwa baridi kali, waliojeruhiwa au waliopewa sumu mbalimbali walipatwa na mabadiliko yale yale. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba na tumbo likatoka vidonda. Kwa hiyo mwili una namna moja ya kuitikia dhiki nyingi tofauti. Tezi hizo humwaga homoni ziitwazo glukokotikoidi, na kwa binadamu iliyo kuu ni kotisoli. Kwa muda mfupi homoni hii ni rafiki: hukupa sukari ya kukimbilia unapomwona nyati. Taabu huanza isipokoma.

Ushahidi mmoja mkubwa wa taabu hiyo ulitoka hapa Kenya. Katika taasisi ya utafiti wa nyani na jamaa zao iliyoko Karen, Nairobi, baadhi ya tumbili walikufa wenyewe kati ya 1984 na 1986. Walipopasuliwa walikutwa na vidonda vingi tumboni. Wengi walikuwa na alama za kuumwa na wenzao, na tezi zao za juu ya figo zilikuwa zimenenepa. Inaelekea walikuwa wanyonge wa kundi. Porini tumbili mnyonge hukimbia, lakini ndani ya kizimba hana pa kukimbilia. Watafiti walichunguza bongo za tumbili wanane wa aina hiyo na kuzilinganisha na za wengine wasiokuwa na vidonda. Mwaka 1989 walitangaza kwamba chembe za neva katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zilikuwa zimeharibika.

Mmoja wa watafiti hao, Robert Sapolsky wa Marekani, alikuwa tayari akiwafuatilia nyani wa Maasai Mara, si mbali sana na Longisa, tangu mwisho wa miaka ya 1970. Aliwadunga dawa ya usingizi kwa kishale kilichopulizwa na kuwatoa damu. Kundi linapokuwa na utaratibu uliotulia, madume wa chini ndio wanaobeba homoni nyingi za dhiki. Katikati ya miaka ya 1980 madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kula kwenye jaa la hoteli ya watalii, wakaambukizwa kifua kikuu kutokana na nyama na kufa. Waliobaki walikuwa wapole. Miaka mingi baadaye kundi hilo bado lilikuwa na amani kuliko mengine, ingawa madume wapya walikuwa wamehamia, na wanyonge wake hawakuonyesha zile dalili za dhiki mwilini. Habari hiyo ilichapishwa 2004. Mimi naiona ya maana kuliko tembe nyingi: mazingira yakibadilika, mwili nao hubadilika.

Dawa zilizopatikana kwa bahati

Usidhani dawa za sonona zilibuniwa na mtu aliyejua alichokuwa akitafuta. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walianza kuchangamka kupita ilivyotarajiwa. Nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alipewa imipramini aijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa. Alipowapa wagonjwa wa huzuni, baadhi walianza kula, kulala na kuzungumza, na mwaka 1957 akatangaza matokeo.

Wakati huo huo dawa ya shinikizo la damu iitwayo reserpini, inayotokana na mmea wa Kihindi, ilikuwa ikiwafanya wanyama wa maabara wainame na kufumba macho nusu, kana kwamba wamekata tamaa. Ilibainika kwamba reserpini humaliza akiba ya serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana habari. Mnyama aliyetangulia kupewa imipramini hakulegea vile. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo. Wazo hilo lilienea hadi likawa kama methali. Leo wataalamu wengi wanaliona kuwa rahisi mno.

Ili kupima dawa mpya haraka, Roger Porsolt na wenzake walieleza mwaka 1977 jaribio la maji. Panya hutiwa katika chombo kirefu cha kioo chenye maji, asichoweza kutoka. Huogelea, hutapatapa, kisha huacha na kuelea tu. Kesho yake hurudishwa, na safari hii huacha mapema. Akidungwa dawa ya sonona kati ya siku hizo mbili, hutapatapa kwa muda mrefu zaidi. Kampuni za dawa zilipenda jaribio hili kwa sababu ni la haraka na rahisi. Lakini nani amesema kuelea ni kukata tamaa? Huenda panya amejifunza kwamba kutapatapa ni kupoteza nguvu bure. Mwaka 2024 jimbo la New South Wales, Australia, lilipiga marufuku jaribio hilo, na sioni kwamba tiba imepoteza mengi.

Kasoro yake kubwa inamhusu mgonjwa moja kwa moja. Majini dawa hufanya kazi ndani ya siku moja. Kwa binadamu haifanyi hivyo.

Jaribio linalofanana zaidi na maisha ni lile lililoelezwa na Paul Willner na wenzake mwaka 1987. Panya haogopeshwi kwa kishindo. Anasumbuliwa kidogo kidogo kwa majuma: leo matandiko yake yamelowa, kesho kizimba kimeinamishwa, usiku mwingine taa haizimwi, kisha anabadilishiwa mwenzake. Hakuna adha hata moja inayoweza kumwua. Baada ya muda, panya ambaye zamani alipendelea maji ya sukari kuliko maji matupu haoni tena tofauti kubwa. Utamu umemwishia, kama chai inavyompoea yule mzazi wako. Akipewa imipramini hapati nafuu siku hiyo. Hamu ya sukari hurudi polepole, baada ya majuma mawili hadi manne.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waligundua kwamba panya waliopewa dawa za sonona kwa majuma kadhaa walikuwa na chembe mpya nyingi zaidi katika hipokampasi, sehemu ile ile iliyoharibika kwa tumbili wa Karen. Waliopewa kwa siku chache hawakuonyesha hayo. Yaani serotonini hupanda upesi, lakini inaelekea ubongo hujikarabati taratibu. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa binadamu pia, wanasayansi wangali wanabishana.

Sasa mgonjwa afanyeje?

Aanze kwa daktari, si kwa duka la dawa. Hospitali ya rufaa ya kaunti pale Longisa ni mahali pa kuanzia. Fluoksetini na amitriptilini, ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si dawa za kitajiri. Mwambie daktari dawa nyingine zote anazotumia mgonjwa, za mitishamba zikiwemo, na kama anakunywa pombe. Mwambie pia kama aliwahi kuwa na vipindi vya uchangamfu wa kupita kiasi, maana hapo tembe hizi zikitumiwa peke yake zaweza kumdhuru.

Madhara hutangulia faida, na hapa ndipo wengi huanguka. Siku za mwanzo kuna kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kukauka kinywa au kusinzia, na huzuni iko pale pale. Siku ya nne tembe hutupwa. Mpe moyo afikishe majuma manne hadi sita kabla ya kusema dawa imeshindwa. Akipona, asiache ghafla; kwa kawaida huendelea kwa miezi sita au zaidi na kupunguziwa na daktari.

Tembe si njia pekee. Mwaka 2003 utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, ulionyesha kwamba wagonjwa waliokutana kila juma kuzungumza juu ya matatizo yao, wakiongozwa na watu wa kwao waliofunzwa, walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa katika vikundi hivyo.

Na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi walificha kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Dawa za kuua wadudu na za kuogeshea ng'ombe zifungiwe. Tembe nazo zishikwe na mtu mwingine wa nyumbani, hasa amitriptilini, ambayo ikimezwa nyingi kwa pamoja huweza kuusimamisha moyo.