Kabla ya Kufunga Matairi Makubwa kwenye Pikapu Yako

Mwenye pikapu anayetoka Sakina kuelekea Ngaramtoni, au anayeshuka kwa barabara ya njia nne iendayo Tengeru, hana haja ya kwenda mbali kutafuta tairi. Maduka yapo kando ya barabara, na mara nyingi yanayowekwa mbele ni matairi mapana yenye meno makubwa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayovuta macho. Mnunuzi huambiwa kwamba gari litanyanyuka, litapita kwenye tope, na litaonekana la kazi. Yote matatu yana ukweli ndani yake. Lisilosemwa ni kwamba tairi ni sehemu ya mfumo wa gia, wa breki na wa vipimo vya gari, na kwamba anayebadili kimo chake amevibadili vyote kwa mkupuo mmoja, bila fundi kugusa injini.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida wa gari la mzigo: mwenye Hilux anayeteremsha viazi na mboga kutoka mitelemko ya Meru hadi Soko la Kilombero, mwenye Canter ya kukodisha, au mwenye Land Cruiser ya shamba na safari za hifadhini. Kwa watu hawa mafuta ndiyo gharama inayorudi kila siku, na kosa dogo la kipimo huwalipisha mwaka mzima.

Kusoma ubavu wa tairi

Chukua tairi lililoandikwa 265/65R17. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kikiwa ni asilimia ya upana huo. Herufi R huonyesha kuwa ni radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo cha ubavu basi ni asilimia 65 ya 265, yaani milimita 172 na kidogo. Ubavu huhesabiwa mara mbili, juu na chini ya rimu, na rimu ya inchi 17 ina milimita 432. Jumla ni milimita 776. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa tairi la 285/70R17, linaloingia kwenye rimu ya kipenyo kile kile: utapata milimita 831. Tofauti ni milimita 55, sawa na asilimia 7.

Hapo kuna jambo la kwanza linalopotosha wanunuzi. Gari halitanyanyuka kwa milimita 55. Nusu tu ya ongezeko hilo huwa chini ya ekseli, kwa hiyo difu litakuwa mbali zaidi na mawe kwa milimita 27, karibu upana wa vidole viwili vyembamba. Mwenye kununua kwa ajili ya kimo ajue kwamba hicho ndicho anacholipia.

Jambo la pili ni kwamba neno “kubwa” hutumika dukani kwa maana mbili. Tairi la 235/85R16 lina kimo cha milimita 806, na la 265/75R16 lina milimita 804. Kwa kimo ni ndugu, lakini la pili ni pana zaidi kwa milimita 30. Anayebadili kutoka moja kwenda jingine hagusi kipima mwendo wala gia, ila huongeza mpira unaosuguana na lami na kupunguza nafasi kati ya tairi na madigadi. Muulize muuzaji anamaanisha ukubwa upi.

Baada ya kipimo hufuata namba ya uwezo wa mzigo na herufi ya mwendo, kwa mfano 112S. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na 116 ni kilo 1,250. Herufi S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tairi lenye sura ya kutisha laweza kuwa na uwezo mdogo kuliko lile ulilolivua. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni.

Kilomita zinazopotea na mafuta yanayoonekana kuibwa

Gari halipimi barabara. Huhesabu mizunguko ya vyuma, kisha huizidisha kwa mzingo wa tairi uliokadiriwa kiwandani. Tairi la mfano wetu wa kwanza huzunguka mara 410 katika kilomita moja. Lile kubwa huzunguka mara 383. Kihesabu kilomita hakijui kwamba tairi limebadilishwa. Ukisafiri kilomita 107 za kweli, chenyewe kitaandika 100.

Kutokana na hili huzaliwa lawama nyingi zisizo na mwenyewe. Tuchukue mfano wa gari lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita, na linalotembea kilomita 2,000 kwa mwezi. Mafuta yake ni lita 200. Tuseme matairi makubwa yameshusha ulaji wake hadi kilomita 9.4 kwa lita. Sasa litahitaji lita 213 kwa njia zile zile. Lakini mwenye gari anayesoma dashibodi ataona kilomita 1,869 tu, si 2,000. Akigawanya, atapata kilomita 8.8 kwa lita, na ataamini kwamba gari limeharibika kwa asilimia 12, au kwamba kituo cha mafuta kinampunja.

Ukweli uko katikati. Hasara yake halisi ni asilimia 6, lita 13 kwa mwezi, lita 153 kwa mwaka. Zidisha lita hizo kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ndipo utakapojua matairi yanakugharimu kiasi gani juu ya bei ya dukani. Sehemu iliyobaki ya ile asilimia 12 ni kivuli cha hesabu. Pampu za mafuta huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mwenye shaka ya kweli ana haki ya kulalamika huko. Ila kabla ya kufanya hivyo ahakikishe kwanza kwamba kilomita anazotumia kama ushahidi ni kilomita kweli.

Njia ya kuhakikisha ni nyepesi. Egesha gari mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida na upepo ulio sawa. Weka alama ya chaki kwenye tairi mahali linapogusa ardhi, na nyingine ardhini. Sukuma gari hadi alama ya tairi irudi chini, kisha pima kwa futi ya utepe. Hicho ndicho kipimo cha mzunguko mmoja. Fanya hivyo kabla ya kuvua matairi ya zamani na baada ya kufunga mapya, halafu gawanya cha pili kwa cha kwanza. Ukipata 1.07, zidisha kila usomaji wa dashibodi kwa 1.07. Wenye simu wanaweza kulinganisha na umbali unaoonyeshwa na ramani ya simu.

Kosa hilo huingia pia kwenye mikataba. Anayekodisha gari kwa kilomita hupoteza asilimia 7 ya malipo yake bila kujua. Huduma ya kila kilomita 5,000 hufanyika baada ya 5,350. Na anayenunua gari lililotumika, lenye matairi makubwa na kilomita 100,000 kwenye dashibodi, huenda ananunua gari lililokwenda 107,000.

Mwendo ni suala zito kuliko kilomita. Kanuni za kimataifa huzuia kipima mwendo kuonyesha chini ya mwendo halisi, na kwa sababu hiyo vipima mwendo vingi hutengenezwa viongope kidogo kwa juu. Tairi kubwa hula akiba hiyo, na likizidi huivuka. Mshale ukiwa kwenye 50 katika eneo la makazi, gari laweza kuwa linakwenda zaidi ya 53. Askari mwenye tochi hatapima tairi lako.

Gia, mwinuko na hewa nyepesi

Kwa nini mafuta yaongezeke, ilhali tairi kubwa huzunguka mara chache? Swali hili ni la haki, na jibu lake hutegemea mahali unapoendesha. Kwenye tambarare, kwa mwendo usiobadilika, injini itazunguka polepole zaidi, na hapo hasara hupungua. Lakini tairi zito hudai nguvu kila linapoanza kuzunguka, na uzito ulio pembeni mwa gurudumu hulemea uongezaji kasi kuliko uzito ule ule ukiwa umewekwa kwenye bodi. Meno makubwa hujikunja na kujikunjua kila yanapogusa lami, na nguvu ya kujikunja huko hugeuka joto. Gari lililonyanyuka na kupanuka hukata hewa nyingi zaidi. Kwa anayesimama kila kituo kati ya Sakina na mjini, haya yote humfikia.

Kisha kuna gia. Kukuza tairi kwa asilimia 7 ni sawa na kubadilisha difu la 4.1 kwa difu la 3.83. Kila gia inakuwa ndefu. Mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya nne sasa hudai ya tatu, na klachi huungua pole pole wakati wa kung’oa gari lenye mzigo. Watu wa Arusha huliona hili upesi kuliko watu wa pwani. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa, ambacho mafundi hukiita tabo, hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, inayopatikana katika Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, ni ya aina hiyo: ni mvumilivu, lakini haina nguvu ya kutapanya. Ikishafungwa matairi marefu na kupakiwa wageni, dereva ataisikia ikilia tangu Mto wa Mbu hadi juu ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Difu laweza kubadilishwa ili kurudisha uwiano wa awali. Kazi hiyo ni ghali, na kwa pikapu ya biashara ndogo ni nadra gharama hiyo kurudi.

Breki na usukani

Breki hubana karibu na kitovu cha gurudumu, ilhali lami huvuta kwenye ukingo wake. Ukingo ukisogea mbali, breki zile zile hupata kazi kubwa zaidi. Ongeza na udanganyifu wa mshale: gari linalodhaniwa kwenda 80 linakwenda karibu 86, na nguvu inayopaswa kuzimwa na breki imeongezeka kwa asilimia 14. Kwenye mteremko, likiwa na mzigo, hiyo ni tofauti ya mita kadhaa, na mita kadhaa ndizo zinazomtenganisha dereva na bodaboda iliyo mbele yake.

Usukani huwa mzito, na beringi pamoja na viungo vya usukani huchakaa mapema. Mara nyingi tairi husugua madigadi gari linapokata kona kali au linapobeba mzigo kamili. Jaribio la dukani, gari likiwa tupu, halionyeshi chochote. Kwa Canter yenye matairi pacha nyuma kuna hatari ya pekee: matairi mapana zaidi yanaweza kugusana ubavu kwa ubavu yanapolemewa, yakasuguana, yakapata moto na kupasuka. Nafasi kati ya pacha ipimwe gari likiwa limepakiwa.

Je, kuna anayefaa kuyafunga? Yupo. Anayeishi juu ya barabara za udongo, ambaye masika humfungia njia kuanzia Machi hadi Mei, anaweza kufaidika na tairi lenye meno mazuri na kimo kilichozidi kidogo. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kutozidi asilimia 3 ya kipenyo cha awali. Kwa tope lenye sakafu ngumu chini yake, tairi jembamba na refu mara nyingi hushinda lile pana, kwa kuwa hulikata tope na kufika chini. Maoni yetu ni kwamba wengi wanaoomba tairi kubwa walihitaji meno mapya kwenye kipimo kile kile, pamoja na upepo uliopimwa kila wiki kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kumbuka kwamba kibandiko hicho ni cha matairi ya kiwandani. Ukibadili kipimo, hakikuongozi tena.

Unaponunua

Mweleze muuzaji gari gani, mzigo kiasi gani na njia zipi, na uombe kipimo kamili cha tairi pamoja na namba ya uwezo wa mzigo viandikwe kwenye risiti ya EFD au kwenye ankara. Maelezo hayo yana uzito kisheria: mnunuzi aliyeeleza matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji ana msingi wa kudai bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Yanayohusu ubora wa tairi lenyewe hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Iarifu pia kampuni ya bima kwa maandishi, nawe utunze nakala.

Nunua la akiba la kipimo hicho hicho. Gari la magurudumu manne yanayovuta, likifungwa tairi moja fupi kuliko mengine, hulazimisha difu kufanya kazi bila kupumzika kwenye lami. Na matairi ya zamani usiyaache dukani kama sehemu ya malipo siku ile ile. Yahifadhi hadi utakapojaza tangi mara mbili, ukapanda mlima ukiwa na mzigo wako, ukakata kona za nyumbani kwako na kupiga hesabu ya mafuta kwa kilomita za kweli.