Maji Yaliyobaki Ukutani

Oktoba ikifika Minnesota, karavani hurudi kutoka kambini, na kazi inayofuata, kuyaondoa maji kabla hayajaganda, ni ile ambayo hakuna anayeipiga picha. Sehemu kubwa ya karavani za Marekani huundwa katika jimbo la Indiana, hasa Elkhart na miji jirani, na watu wa Indiana hawaijui baridi kwa kusimuliwa. Hata hivyo mfumo wa maji wa karavani umetengenezwa kana kwamba kiangazi hakiishi: mabomba membamba ya plastiki hupita nyuma ya makabati na chini ya sakafu, hadi kwenye bafu la nje ambalo mwenye mali alilitumia siku ya kwanza na kulisahau.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Wengi wakisikia hivyo hudhani bomba hupasuka pale pale barafu ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu huziba bomba, kisha kila inavyokua huyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea koki iliyofungwa. Maji hayabanwi, basi shinikizo hupanda mpaka sehemu dhaifu ishindwe. Mabomba ya kisasa ya plastiki aina ya PEX huweza kutanuka kidogo na kurudi. Kinachokufa ni kiungio, vali ya choo, koki ya bafuni, au kikombe cha chujio kando ya pampu. Hupasuka Januari bila shahidi. Hujulikana Aprili, mwenyewe akishaunganisha mpira wa maji na kuanza kusikia mchirizi ndani ya ukuta.

Kwa hiyo baridi yenyewe haina neno sana. Kazi ni kujua maji yamejificha wapi. Matangi ya maji safi na ya maji taka humwagwa, hilo halina mjadala. Hita ndiyo inayotaka adabu: izimwe, iachwe ipoe, shinikizo litolewe kwa kufungua koki ya maji moto, ndipo kizibo kifunguliwe. Asiyengoja huoga bila kukusudia. Katika hita zenye tangi la chuma, kizibo hicho hubeba fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Ikiwa imebaki waya mtupu, imetimiza wajibu wake, inunuliwe nyingine.

Baada ya hapo, vali za kuikwepa hita hugeuzwa, ndipo dawa ya kuzuia kuganda iingie. Hatua hii ikirukwa, zaidi ya lita 20 za dawa zitajaza hita iliyokwisha kumwagwa, wakati karavani ya kawaida huhitaji kama lita 8 hadi 12 tu. Dawa yenyewe ni ya rangi ya waridi, propilini glikoli, isiyo na sumu kali. Ile ya redieta ya gari, ambayo mara nyingi ni ethilini glikoli, ni sumu, na haifai kukaribia bomba la maji ya kunywa hata kama ipo gereji na ni ya bure. Pampu huivuta dawa kutoka kwenye galoni. Kila koki hufunguliwa kwa zamu, ya moto kisha ya baridi, mpaka iteme waridi. Bafu la nje pia. Choo pia. Kikombe kimoja humiminwa katika kila sinki, kwa sababu kona ya bomba chini yake hushika maji ili harufu isipande.

Wapo wanaoapa kwa kompresa: pulizia upepo, maji yatoke, basi. Upepo hupita juu ya maji yaliyolala bondeni mwa bomba na kuyaacha yalivyo, na pampu haikauki kwa kupuliziwa. Mimi ningemimina waridi.

 

Baada ya mabomba, betri. Ya asidi ikiwa imejaa chaji huvumilia baridi kali; ikiwa tupu huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Ya lithiamu haina shida hiyo, ila haipaswi kuchajiwa chini ya sifuri. Zote mbili ni heri zitolewe.

Kisha kuna panya, ambaye huingia kwenye tundu linalotosha penseli na kutandika kitanda chake kwa godoro lako. Wamarekani humtegea mafuta ya mnanaa na vitambaa vya manukato vya kukaushia nguo, na majira ya kuchipua hukuta kiota kinachonukia. Lala chini ya karavani na tochi, fuata kila bomba na waya unapopenya sakafuni, ujaze upenyo kwa chuma cha kusugulia masufuria. Baada ya hapo hata mkate usiuache ndani.