Je, Wajua? Chura wa Mawe na Gololi Zake

Je, wajua kuwa yule chura wa mawe anayetema gololi kwenye mchezo wa Zuma ana ndugu zake wa kweli? Wako Mexico City, katika magofu ya Templo Mayor, hekalu kuu la Waazteki. Pale pana madhabahu ndogo yenye vyura wawili wa mawe, kwa kuwa Waazteki walimhesabu chura kuwa mnyama wa Tlaloc, mungu wa mvua. Hekalu hilo lilifukiwa chini ya nyumba na barabara baada ya Wahispania kuiteka Tenochtitlan, mji wa Waazteki, mwaka 1521. Sehemu yake kubwa ilikaa huko hadi Februari 1978, mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba walipogonga jiwe kubwa la mviringo lenye sanamu ya Coyolxauhqui, mungu wa kike wa Waazteki. Uchimbaji mkubwa ukaanza hapo.

Kwa ambaye hakuwahi kukaa kwenye saiba mwaka 2005 akisubiri ukurasa ufunguke: Zuma ni mchezo wa gololi za rangi zinazobingirika kwa foleni ndani ya mfereji uliopindapinda, zikielekea kinywani mwa fuvu la dhahabu. Chura anageuka kila upande kufuata kipanya chako. Unatema gololi, zikikutana tatu za rangi moja, zinapasuka. Foleni ikilifikia fuvu, umekwisha. Dakika moja inatosha kuujua, na ndiyo maana wengi waliouona mara ya kwanza waliubeza.

Je, wajua kuwa wanaoupenda hawajaafikiana mpaka leo kama ni mchezo wa bahati au wa akili? Wa upande wa bahati wana lawama moja kubwa: ukitaka nyekundu, chura anakupa njano, ukiipokea njano, anakuongezea njano nyingine. Lawama hiyo ina haki nusu. Chura ana gololi mbili kwa wakati mmoja, moja kinywani na nyingine inayoonekana mgongoni, na ukibofya kitufe cha kulia zinabadilishana nafasi. Tena, rangi ikishamalizika kabisa kwenye foleni, chura haitemi tena. Anayecheza bila kukigusa kitufe cha kulia asituletee habari za bahati.

Hesabu nayo ina neno. Mchezo unaanza na rangi nne, baadaye zinakuwa tano, mwishowe sita. Tukichukulia kwamba chura anagawa kwa usawa, uwezekano wa kuipata rangi moja unayoiwinda unashuka kutoka asilimia 25 hadi chini ya 17. Ndiyo sababu mtu analipita hekalu la kwanza la mchezo akicheka, kisha mbele ya safari anaanza kuituhumu kompyuta kuwa inamfanyia hila.

Wabobezi wenyewe hawazungumzii rangi sana. Wanazungumzia pengo. Ukipasua kundi katikati ya foleni, foleni inakatika vipande viwili. Gololi za kingo mbili zikiwa na rangi moja, kipande cha mbele kinavutwa kurudi nyuma kama kwa sumaku, na gololi hizo zikifika tatu zinapasuka zenyewe bila wewe kutumia risasi nyingine. Mchezaji mzuri kwa hiyo hatemi kila anapoona rangi inalingana. Anaziacha mbili za buluu upande huu na moja upande ule, anapasua za katikati, halafu anaitazama foleni ikijimaliza. Anayebofya mbiombio anaonekana hodari kwa watazamaji waliosimama nyuma ya kiti chake, lakini kwa maoni yangu anaucheza mchezo mwingine kabisa.

Ipo na shabaha ya ushaufu. Ikiwa mifereji imepishana, unaweza kupenyeza gololi katika pengo la foleni ya karibu ikaigonga ya mbali, nawe ukalipwa alama za ziada. Alama hizo si za kujisifia tu: juu ya skrini kuna kipimo kinachojaa kadiri alama zinavyopanda, na kikishajaa, shimo la kuzalia gololi linafungwa. Mwenye kudharau alama anaongezewa kazi.

Je, wajua kuwa ngazi za ugumu katika sehemu ya mchezo isiyo na hadithi, ile ya kucheza mpaka ushindwe, zinaitwa Sungura, Tai, Jagwa na Mungu Jua? Majina ya Tai na Jagwa hayakutungwa na watengenezaji. Ni majina ya makundi ya askari wa daraja la juu katika jeshi la Waazteki. Sungura ndiye aliyepewa kazi ya kuwafariji wanaoanza.

Na mpira? Waazteki walikuwa nao, tena wa mpira halisi unaogemwa mtini, mzito wa kilo kadhaa. Waliupiga kwa nyonga.

Je, wajua kuwa Zuma haikuwa ya kwanza? Hapa ndipo maoni ya wachezaji yanapogeuka kuwa kesi. Mwaka 1998 kampuni ndogo ya Kijapani, Mitchell Corporation, ile ile iliyotoa mchezo wa Pang mwaka 1989, ilileta mashine ya kumbi za michezo iliyoitwa Puzz Loop. Ndani yake mlikuwa na foleni ya gololi za rangi inayozunguka kuelekea katikati, na kifaa cha kufyatulia kilichokaa hapo katikati. Mchezo huo ukaingia pia kwenye PlayStation kwa jina la Ballistic. Zuma ya PopCap ya Seattle, Marekani, ilitoka mwishoni mwa 2003.

Aliyecheza zote mbili hahitaji wakili kuona ukoo. PopCap walishikilia kuwa yao si nakala tupu, na kweli waliongeza mengi: chura, mahekalu, mifereji ya maumbo mbalimbali badala ya mzunguko wa kuelekea katikati, na ile sauti ya gololi ikigonga jiwe ambayo wachezaji wengi huitaja kabla ya jambo lingine lolote. Hata hivyo kiini ni kile kile. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi kanuni za mchezo. Inalinda namna zilivyovishwa, yaani picha, sauti na maneno. Mwaka 2012 wenye Tetris waliishinda mahakamani kampuni ya Xio, lakini kwa sababu Xio iliiga mpaka sura ya vitofali. Kanuni ya kupanga vitofali peke yake isingewapa ushindi.

Chekesho linafuata. Mwaka 2005 kampuni ya MumboJumbo ya Dallas ilitoa Luxor, ambamo gololi ni zile zile ila nchi imehama kutoka Mexico kwenda Misri. Miaka michache baadaye MumboJumbo hao hao walilalamika kwa Apple kwamba StoneLoops, mchezo wa watengenezaji wa Poland, umeiga Luxor. Apple ikauondoa kwenye duka lake. Mjukuu kashitakiwa na mwana, babu yuko Japani anatazama.

Mitchell walipata fungu lao kwa njia nyingine. Mwaka 2006 walitengeneza Magnetica kwa ajili ya Nintendo DS, na Nintendo wenyewe wakaichapisha. Ulicheza kwa kugusa skrini kwa kalamu na kuzifyatua gololi, jambo ambalo wengine huliona ndiyo sura sahihi kabisa ya mchezo huu. Kampuni ilifungwa 2012.

Zuma au Luxor? Muulize mtu aliyecheza zote, kisha vuta kiti. Katika Zuma chura kasimama mahali pamoja na anazunguka. Katika Luxor kifaa chako kiko chini ya skrini, kinateleza kushoto na kulia, kinafyatua kwenda juu tu, na zawadi zinadondoka nawe huna budi kuzidaka. Wapenzi wa Luxor wanasema mkono wao haukai bure. Wapenzi wa Zuma wanasema kudaka vitu vinavyoanguka ni kazi ya mchezo mwingine. Mimi niko na chura, ingawa nakiri Luxor ina wazo moja la werevu: gololi zinasukumwa na dundu.

Maana dundu wa Misri husukuma duara kweli. Hufinyanga mavi ya wanyama yakawa tufe, akalibingirisha kinyumenyume, na Wamisri wa kale wakamfananisha na mungu Khepri anayelisukuma jua angani. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha kuwa usiku usio na mwezi baadhi ya dundu hawa hunyoosha njia yao kwa kufuata mwanga wa Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota. Katika Luxor hawana haja nao, mfereji umeshachimbwa.

Je, wajua kuwa PopCap ilianza mwaka 2000 kwa jina la Sexy Action Cool? Jina lilibadilishwa upesi. Mwaka 2011 kampuni ilinunuliwa na Electronic Arts kwa dola milioni 750, na ahadi ya nyongeza kama faida ingekuwa nzuri.

Je, wajua kuwa michezo hii haikuwa ya vijana wa kiume? Mwaka 2006 PopCap iliwahoji wachezaji wake kwa maelfu, na zaidi ya robo tatu wakawa wanawake, wengi wakiwa wamevuka miaka 40. Takriban tisa kati ya kumi walisema kucheza kunawapunguzia mawazo. Waandishi wa magazeti ya michezo wa wakati ule walikuwa na shughuli na bunduki na magari, hivyo maoni ya akina mama hawa yalichapishwa kwa nadra. Lakini wao ndio waliokuwa wakilipa. Ulipakua mchezo, ukacheza saa moja bure, halafu dirisha likajitokeza likidai dola 20 hivi. Huku kwetu wengi hatukuliona dirisha hilo kamwe. Zuma ilitufikia kwenye sidii yenye michezo mia, kufuli lake limeshavunjwa na mtu asiyejulikana.

Na zile tafiti zinazotajwatajwa kuwa mchezo wa kompyuta huondoa msongo? Ile ya Chuo Kikuu cha East Carolina ilitumia michezo ya Bejeweled, Peggle na Bookworm Adventures, na mfadhili wake alikuwa PopCap. Isome ukikumbuka hilo.

Je, wajua kuwa kuziona gololi ukishafumba macho si ugonjwa? Wachezaji wengi husimulia: wamezima kompyuta, wamelala, na foleni bado inapita. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu 27 waliochezeshwa Tetris. Wengi waliripoti kuona vitofali vikianguka walipokuwa wakisinzia. Kubwa zaidi ni kwamba watano kati ya wale 27 walikuwa wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, wasioweza kukumbuka kuwa waliwahi kucheza, na baadhi yao waliviona vitofali vile vile.

Mwanamume mmoja kati ya kila 12 wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hupata taabu kutofautisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni mmoja kati ya 200. Mchezo unaotegemea rangi tupu unamfungia mtu huyo mlango. Puzzle Bobble ya Taito, ya mwaka 1994, ilikuwa na viumbe tofauti ndani ya kila povu, na Bejeweled ina vito vya maumbo tofauti. Ukimsikia mtu anasema Zuma inamwonea, mwulize kwanza anaonaje nyekundu.

Je, wajua kuwa Zuma iliwahi kuchezwa kwenye iPod? Septemba 2006 Apple ilianza kuuza michezo ya kifaa hicho cha muziki kwa dola 4.99, na Zuma ilikuwamo. Chura alizungushwa kwa lile gurudumu la kuchagulia nyimbo. Ni nadra kitufe na mchezo kuafikiana hivyo bila kutengenezewa kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.

Na jina la mchezo? Hapana, halihusiani na Jacob Zuma. Mchezo ulipotoka alikuwa Makamu wa Rais wa Afrika Kusini. Aliapishwa kuwa Rais Mei 2009, na Septemba mwaka huo huo PopCap ikatoa toleo la pili. Lilipewa jina la Zuma's Revenge, yaani kisasi cha Zuma.

Kisasi hicho kiligawa wachezaji. Chura alijifunza kuruka kutoka kituo kimoja hadi kingine, mahekalu yakaachia nafasi visiwa na vinyago vya Pasifiki, na kila eneo likawekewa jitu la kupigana nalo mwishoni. Waliochoka na foleni walifurahi. Waliopenda foleni waliuliza nani aliyewaitia majitu.

Zuma Blitz, ile ya Facebook ya michezo ya dakika moja moja, ilianza 2010 ikazimwa 2017, na alama za watu zikazimika nayo. Zuma ya 2003 haitegemei seva ya mtu. Ikigoma kwenye Windows mpya, bofya kulia alama yake, ingia kwenye sifa, chagua hali ya upatanifu ya Windows XP, kisha ijaribu tena.