Kivu: Tairi kubwa kwenye Hiace huinua gari kidogo, huchosha freni zaidi

Kila mvua zinaporudi, swali lilelile husikika kwenye maegesho ya taksi-basi na kwa mafundi wa quado: je, Hiace ikifungwa tairi kubwa zenye meno ya tope, itapita pale ambapo jana ilikwama? Jibu linahusu pesa nyingi za mwenye gari. Linahusu pia maisha ya abiria wanaoketi ndani, goti kwa goti, gari linapoteremka.

Hiace si gari la tope. Aina inayoonekana zaidi barabarani leo, ile iliyotoka kiwandani kuanzia mwaka wa 2004, kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Huko Japani watu huigeuza kuwa nyumba ndogo ya safari, yenye kitanda na jiko, na wengi wao hupenda kuifunga rimu kubwa na tairi za njia zote. Lakini nyumba hiyo hubeba watu wawili au watatu na godoro. Hiace ya Kivu hubeba watu kumi na kitu, magunia juu ya paa, na mara nyingine mbuzi.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na kila dereva anaweza kuifanya kabla ya kutoa dola hata moja. Hiace nyingi huja na tairi iliyoandikwa 195/80R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inasema kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 156. Ya tatu ni rimu ya inchi 15, sawa na milimita 381. Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, tairi nzima ina kimo cha milimita 693.

Sasa chukua 225/75R16, ambayo wengi huitamani. Kimo chake ni karibu milimita 744. Tofauti ni milimita 51, na kwa macho inaonekana kubwa sana. Lakini gari hukaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo linainuka nusu tu ya hapo: milimita 25, upana wa kidole gumba.

Kidole gumba hicho si bure, tusikidharau. Nyuma ya Hiace kuna ekseli nzima yenye difransia inayoning'inia katikati, na ndiyo hugonga mgongo wa barabara pale malori yanapochimba mifereji miwili. Fundi akiongeza majani ya springi, bodi inapanda lakini difransia inabaki palepale. Tairi peke yake ndiyo huiinua. Kwa anayefanya kazi njia ya Miti, Bunyakiri na Walikale, hilo ni jambo la kufikiria kweli.

Gharama yake ni nini? Tairi hiyo ni kubwa kwa asilimia 7 hivi. Kadirani ikisema 60, gari liko 64. Kilometa 100 za kweli zinahesabiwa kama 93, na mafuta ya injini yanabadilishwa kwa kuchelewa bila dereva kujua. Kwenye mlima injini inalemewa, vitesi ya pili inakosa nguvu na dereva anarudi ya kwanza.

Kwenye mteremko ndiko kuna hatari zaidi. Kutoka Bukavu kwenda Uvira, barabara ya taifa nambari 5 inapita Nyangezi, kisha inashuka ukingo wa Ngomo hadi Kamanyola, kwenye tambarare ya Ruzizi. Kona ni nyingi, bonde liko kando, na ndiyo sababu wasafiri wengi wakipata nafasi hupitia upande wa Rwanda. Hapo gurudumu kubwa huwa kama mpini mrefu mkononi mwa mzigo: freni zilezile, kwa nguvu ileile ya mguu, zinashika ardhi kwa asilimia 7 pungufu. Injini nayo inazuia gari kidogo kuliko zamani, kwa kuwa kila mzunguko wake unasogeza gari mbali zaidi. Dereva analazimika kukanyaga freni mara nyingi, zinapata moto, na freni zenye moto hazishiki.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa sababu hakuna anayewauliza. Ubavuni, baada ya kipimo, kuna namba ya uzito. Tairi ya asili ya Hiace mara nyingi ina 107, maana yake kilo 975 kwa kila tairi. Tairi ya 225/75R16 iliyotengenezwa kwa ajili ya jipu ya familia inaweza kuwa na 104, yaani kilo 900. Ni kubwa, ni nzuri, ina meno, lakini inabeba kidogo kuliko ile iliyotolewa! Kipimo hichohicho chenye herufi LT mbele na namba 115 hubeba kilo 1215, mradi kina presha yake kamili. Kwa macho zinafanana kabisa. Asiyesoma ubavu ananunua mlipuko.

Chaguo lenye akili kwa gari la abiria ni la wastani. Kipimo cha 215/75R16 chenye herufi C ya magari ya mizigo kinainua Hiace milimita 18, na kuna tairi za aina hiyo zenye namba 116, yaani kilo 1250. Na asiye na pesa za rimu mpya anaweza kubaki na inchi 15, akatafuta tairi ya kipimo cha asili yenye meno ya njia zote. Kwenye tope, meno na presha husaidia kuliko kimo. Tairi za tope tupu, zile za meno marefu yaliyoachana, ni nzito, zinapiga kelele, na zinateleza kwenye lami yenye maji. Kwa Goma, penye mawe ya lava yanayokata kama wembe, dereva aangalie kwanza unene wa ubavu.

Rimu za Hilux au Prado zenye matundu sita huwa zinaingia kwenye Hiace, na ndiyo maana mafundi huzipenda. Kuingia si kukubali. Gari lipakiwe kama siku ya safari, usukani uzungushwe hadi mwisho kushoto na kulia, gurudumu moja likiwa juu ya jiwe. Tairi ikigusa chuma hapo, itakatika barabarani.

Wengi hununua nne na kusahau ya tano. Tairi ya akiba ya Hiace hulala chini ya sakafu, nyuma. Kubwa huenda isiingie, au ikaning'inia na kugonga mawe. Ikibaki ndogo, siku ya pancha gari litakuwa na vimo viwili kwenye ekseli moja, na difransia itazunguka bila kupumzika hadi iungue.

Kwa zilizotumika, dereva atafute neno DOT na namba nne za mwisho: 1420 ni wiki ya 14 ya mwaka wa 2020. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka hata kama meno yamebaki marefu. Na pesa zikitosha mbili tu, ziwe za kipimo cha asili, zifungwe nyuma zote mbili, kisha njugu zikazwe tena baada ya kilometa 50 au 100 za kwanza, kabla ya kupakia watu wa Ngomo.