RAYNA AU JULIETTE: UGOMVI HUU UNAMFAIDISHA NANI?

 Wiki hii nataka kuwachokoza kidogo.

Nenda popote walipokaa watu walioitazama tamthilia ya Nashville, uliza swali moja tu: Rayna au Juliette? Halafu kaa pembeni. Utaona watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanakunjana mashati kwa ajili ya wanawake wawili ambao hata hawajawahi kuzaliwa!

Kwa wale iliowapita, Nashville ilianza kuonyeshwa Marekani Oktoba 2012 kwenye kituo cha ABC, ikamalizika Julai 2018 ikiwa na misimu 6 na vipindi 124. Mtunzi wake ni Callie Khouri, mama aliyenyakua Oscar kwa kuandika filamu ya Thelma & Louise. Inahusu wanamuziki wa kantri katika jiji hilo hilo la Nashville, jimbo la Tennessee. Na kantri kwetu si mgeni. Wangapi wetu tumekulia nyumba ambazo Jumapili mzee anaweka Jim Reeves au Don Williams, na ole wako uguse redio!

Sasa kisa chenyewe. Rayna Jaymes, aliyeigizwa na Connie Britton, ni malkia wa kantri aliyefika miaka ya 40 na albamu yake mpya haiendi sokoni. Juliette Barnes, yaani Hayden Panettiere, ni binti mdogo anayejaza viwanja. Kipindi cha kwanza tu, bosi wa kampuni ya kurekodi anamwambia Rayna aingie ziara moja na Juliette, tena yeye Rayna ndiye atangulie kuimba ili kumpashia mtoto jukwaa. Malkia ampashie jukwaa mtoto wa juzi? Weeee! Hapo ndipo moto ulipowaka, na kwa watazamaji haujazimika mpaka leo.

KAMBI MBILI

Shoga yangu mmoja, msusi wa Magomeni, ni Rayna damu. Ukimtajia Juliette anaacha kusuka. "Yule binti hana adabu," anasema. "Kamkuta mwenzake ana mpiga gita wake, Deacon, kaanza kumnyemelea siku ya kwanza. Mtu mzima unamheshimu, bwana! Rayna analea, anafanya kazi, hapigi kelele."

Mshikaji mmoja anayeuza makava ya simu Kariakoo yuko upande wa pili, na hoja zake si za kitoto. Anasema Rayna alizaliwa kwenye mali: baba yake, Lamar Wyatt, alikuwa na jiji zima mfukoni. Juliette alilelewa Alabama kwenye nyumba ya matela, mama yake mtumwa wa dawa za kulevya. "Sasa hapo nani kapambana?" anauliza. Tena anakumbusha ile hadithi ya Juliette kujifungua, kisha kushikwa na sonona ya uzazi mpaka akamkimbia mwanawe. Haikuwa maigizo matupu, maana Oktoba 2015 ilitangazwa kwamba Panettiere mwenyewe anatibiwa tatizo hilo hilo.

Akina kaka nao wana ugomvi wao. Deacon ndiye baba wa damu wa Maddie, lakini Teddy, mume wa Rayna, ndiye aliyemlea tangu mchanga. Baba ni yupi? Hapo sitii mguu, maana nyumba nyingi za mjini zina Deacon na Teddy wao.

MBONA BOSI HATAJWI?

Mimi nimesikiliza kambi zote mbili. Wote wana pointi. Ila jamani, mbona sijasikia hata mtu mmoja akimgombeza bosi?

Tazama vizuri. Rayna hakuamka asubuhi akamchukia Juliette. Kuna mwanaume alikaa ofisini, akapiga hesabu zake, akaamua kwamba hapa pana kiti kimoja cha mwanamke, basi hawa wawili wagombanie. Vijembe vikirushwa tiketi zinauzwa, na pesa inaingia kwake. Sisi wa Dar tunaujua mchezo huu. Enzi za TOT na Muungano miaka ya 1990, watu walijaza kumbi kusikia leo nani kampiga mwenzake kijembe.

Na tamthilia yenyewe ilitupa jibu, sema sisi tulikuwa tumeshachagua timu. Kwenye msimu wa kwanza hawa mahasimu wanatunga wimbo pamoja na kuuimba, na ukumbi unalipuka. Baadaye Rayna anachoka kuamuliwa na watu, anaanzisha kampuni yake, Highway 65. Juliette anapotupwa nje na mabosi wa zamani kwa sababu ya skendo, mlango unaofunguka ni wa nani? Wa Rayna!

KWENYE REDIO NI HIVYO HIVYO

Usidhani hizi ni porojo za kwenye luninga. Kantri ya kweli ilishawahi kuwa na akina mama moto wa kuotea mbali. Shania Twain alitoa Come On Over mwaka 1997, ikauza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Lakini Machi 2003 Natalie Maines wa kundi la Dixie Chicks alisimama jukwaani London akamsema Rais Bush kuhusu vita ya Iraki. Huko kwao, redio nyingi za kantri zikaacha kupiga nyimbo zao.

Halafu ikaja Mei 2015. Nashville iko hewani, Rayna na Juliette wanapendwa kila wiki, na mshauri wa redio aitwaye Keith Hill anawaambia wenye vituo kwamba wakitaka wasikilizaji wapunguze nyimbo za wanawake na wasizipige mbili mfululizo. Akafananisha na kachumbari: wanaume ndio majani yenyewe, wanawake ni nyanya za kunyunyizia juu. Nyanya! Wanamuziki wanawake walikasirika, na sakata lile likabatizwa jina hilo la nyanya.

Sasa fikiria. Kama redio haipigi wanawake wawili mfululizo, basi Rayna akiingia hewani, Juliette lazima angoje. Hapo utaacha kumchukia mwenzako? Chuki hiyo imetengenezwa na ratiba.

KIFO CHA RAYNA

Mei 2016 ABC waliipiga chini tamthilia. Watazamaji wakaja juu, wakapiga kelele kila kona, na mwezi uliofuata kituo cha CMT kikaichukua. Ushindi huo! Februari 2017, kwenye msimu wa tano, Rayna akafariki baada ya ajali ya gari. Connie Britton alikuwa ameamua kuondoka. Watu walilia kama wamefiwa kweli. Wengine waliapa kutotazama tena. Shoga yangu msusi ni mmoja wao, na kiapo chake hakijavunjika mpaka leo.

Yule mshikaji wa Kariakoo alidhani sasa ni zamu ya Juliette kutamba. Wapi! Tamthilia ilipumua msimu mmoja mbele ikakata roho. Siwezi kusema ni kwa sababu ya Rayna peke yake, ila utamu wa wale wawili ulikuwa kwenye kuwa wawili. Ukimtoa mmoja, mwenzake hapandi, anabaki mpweke.

Na sikia hili. Januari 2020 CMT, kituo kile kile kilichoiokoa Nashville, kilitangaza kwamba muda wa kuonyesha video za muziki utagawanywa nusu kwa nusu, wanawake na wanaume. Kumbe kiti cha pili kilikuwepo siku zote. Kilikuwa kimefichwa stoo tu.

Kwa hiyo dada yangu, siku bosi wako akikunong'oneza kwamba yule binti mpya anakuja kuchukua nafasi yako, usikimbilie kumnunia. Kwanza muulize bosi: kwani hapa ofisini kuna viti vingapi?

Mimi nimemaliza. Timu Rayna, Timu Juliette, endeleeni kurushiana vijembe, mradi na bosi naye apate chake. Tukutane wiki ijayo. Baibai!