Hatua za Alfajiri Zina Thamani Gani?

Tumchukue mzee anayekwenda msikitini kwa miguu kila alfajiri: dakika 12 kwenda, dakika 12 kurudi. Kwa juma zima amekwishatembea dakika 168. Hakulipa nauli, wala hakuna aliyemwandika popote. Hata hivyo, wapo wataalamu waliokaa wakazihesabu dakika kama hizo kwa fedha.

Hutumia kikokotoo kiitwacho HEAT, kilichobuniwa na ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kwanza kwa waendesha baiskeli, kisha kwa watembea kwa miguu. Msingi wake ni tafiti zilizofuatilia watu wazima kwa miaka mingi. Kwa wanaotembea dakika 168 kwa juma, hatari ya kufariki katika kipindi hicho ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 11 kuliko kwa wasiotembea. Kwa baiskeli, dakika 100 zilipunguza takriban asilimia 10.

Ndipo fedha inapoingia, na ndipo msomaji atakapokunja uso: je, roho ya mja inatiwa bei? La. Tuseme watu 10,000 wako radhi kutoa shilingi 1,000 kila mmoja ili kuondoa hatari ambayo ingemuua mmoja wao, asiyejulikana ni nani. Jumla ni shilingi 10,000,000, na jumla ya namna hiyo ndiyo wachumi huitumia kupima faida ya kinga. Nasi hatukukipenda kipimo hiki tulipokutana nacho. Lakini barabara hupangwa kwa hesabu za fedha, na asiyekuwa na tarakimu mezani hasikiki.

Kikokotoo kina upungufu wake. Huhesabu vifo vilivyoepukwa, si maradhi. Mama mwenye kisukari, dawa zake, binti anayefunga genge lake ili ampeleke kliniki: hayo hayamo, ilhali ndiyo gharama tunayoijua majumbani mwetu. Watoto waendao shule nao hawamo, kwani hesabu ya kutembea huanzia miaka 20.

Kisha kuna upande wa kutoa. Matoleo ya karibuni huondoa katika faida madhara ya ajali na moshi. Penye njia salama, makato hayo ni madogo. Lakini anayetembea ukingoni mwa lami, bodaboda zikimpita begani, faida yake huliwa kabla hajafika aendako. Jijini Dar es Salaam, barabara ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Ukiiacha ukaingia mitaani, mara nyingi njia hukatika.

Anayetaka kudai njia hiyo iendelezwe huulizwa kwanza: ni wangapi wanaopita hapo kwa miguu, na kwa dakika ngapi? Jibu halihitaji mtambo. Kijana mwenye daftari, akikaa kando ya barabara tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi, ataanza kulipata.