Geko wa kununua: uliza alikozaliwa kabla ya kuuliza bei

Mzee wa Pwani aliyekua akiambiwa kuwa kumuua mjusi kafiri kuna thawabu, kwa sababu ya masimulizi ya mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahim, hataelewa upesi kwa nini mjukuu wake aliyeko Dortmund anadunduliza pesa ili anunue mjusi. Wajukuu wa namna hiyo wapo, na mwendo wa saa moja tu kutoka hapo kuna soko lao. Mji wa Hamm, Ujerumani, huandaa mara nne kwa mwaka maonyesho ya Terraristika, yanayohesabiwa kuwa makubwa kupita yote Ulaya kwa biashara ya reptilia. Meza zimepangwa safu kwa safu, vikopo vya plastiki juu yake, na ndani ya kila kikopo yumo geko, ndugu wa mjusi kafiri: wa manjano, wa madoa, wa kijani, wa chungwa.

Mnunuzi mgeni huanza na rangi. Ni jambo la kawaida, na ndilo linalomponza. Rangi haikuambii kama mnyama ni mzima, ataishi miaka mingapi, wala alifikaje mezani pale. Swali la kwanza ni alikozaliwa, na majibu mengine yote hulifuata hilo. Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa bahati mbaya, unatoka kwetu.

Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kuna Msitu wa Hifadhi wa Kimboza. Ni mdogo, kilomita za mraba zipatazo nne, juu ya miamba ya chokaa. Humo, na katika vipande vichache vya msitu jirani, anaishi geko ambaye hapatikani porini penginepo duniani: Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1952. Hata akipimwa pamoja na mkia, ni kama urefu wa kidole cha mtu mzima. Dume ni buluu inayong'aa, na jike ni wa kijani chenye ukahawia. Tofauti na mjusi kafiri wa ukutani, huyu hutembea mchana. Makao yake ni aina moja ya mkadi wa msituni, ndugu wa ule ambao maua yake wanawake wa Pwani huyafunga kwenye kikuba. Maji ya mvua hutuama kwenye mashina ya majani ya mkadi, na hapo ndipo geko hunywa, huwinda, hujificha na kutaga. Kwa kawaida mkadi mmoja una dume mmoja, naye hampokei dume mwingine.

Kwa takriban nusu karne wafugaji hawakumjali. Miaka ya 2000 picha zake zikasambaa, na soko la Ulaya, Marekani na Asia likamtaka. Watafiti waliofuatilia ukamataji waligundua kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kikundi kimoja tu cha wakamataji kilichukua zaidi ya mijusi 32,000. Kikundi kimoja, katika msitu ambao mtu anaweza kuuvuka kwa miguu asubuhi moja. Njia waliyotumia iliongeza hasara: geko hujibana katikati ya majani yenye miiba, juu kabisa, kwa hiyo wakamataji walikuwa wakikata mkadi mzima ili wamfikie. Mnyama mmoja akaenda sokoni, na nyumba ya vizazi vyake ikabaki chini. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016, kwenye mkutano uliofanyika Johannesburg wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Tanzania na Umoja wa Ulaya zilipendekeza kwa pamoja awekwe katika Kiambatisho cha Kwanza, na pendekezo likapita. Kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya geko wa porini wa aina hii ni marufuku.

Hata hivyo, bado utamwona mezani. Wapo wafugaji wanaomzalisha kihalali, maana hutaga bila shida akitunzwa vizuri. Ugumu ni kwamba aliyezaliwa Kimboza na aliyezaliwa kwenye kabati la kioo huko Uholanzi wanafanana kwa sura, huku maneno "amezalishwa kifugoni" yakiandikwa kwa kalamu ileile kwenye kikopo. Nani atakayemsuta muuzaji?

Baiolojia inasaidia kidogo hapa. Geko wengi, huyu akiwamo, hutaga mayai mawili tu kwa mara moja. Kwa hiyo mfugaji wa kweli huwa na wanyama wa umri mchanganyiko: watoto wachache wa wiki hii, wachache wa mwezi uliopita, na wazazi wanaobaki nyumbani. Meza yenye geko thelathini waliokomaa, wote wa ukubwa mmoja, inapaswa kukutia shaka. Msaada wa pili ni karatasi. Katika Umoja wa Ulaya, geko wa Kimboza hauzwi bila cheti cha serikali cha rangi ya manjano kinachoeleza asili yake, na muuzaji anayesema cheti kitafuata kwa posta anakueleza kuwa hana. Ushauri wangu ni mkali kidogo: kama huyu ndiye geko wako wa kwanza, mwache. Urembo wake hautakufundisha kufuga, na kosa lako litamgharimu mnyama ambaye wenzake wako hatarini kutoweka.

Aina nyingi nyingine hazina sheria kali kama hiyo, lakini mashaka ni yaleyale. Tokay, geko mkubwa wa Asia ya Kusini-Mashariki mwenye madoa ya chungwa, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu amekamatwa porini. Hufika na minyoo, na huuma asiachie. Tangu 2019 naye yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, kinachodhibiti biashara bila kuipiga marufuku. Urahisi wa bei yake humalizikia kwa daktari wa mifugo.

Basi anayeanza amchukue nani? Kwa maoni yangu, geko chui. Asili yake ni nyika kavu na zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, lakini amezalishwa mikononi mwa watu kwa miongo mingi kiasi kwamba hakuna sababu ya kununua wa porini. Ana kope, jambo ambalo geko wengi hawana. Vidole vyake havinati, kwa hiyo hapandi kioo. Hukubali kushikwa, na mkia wake hutunza mafuta, kwa hiyo unaweza kuisoma afya yake ukiwa umesimama tu. Anayechukizwa na wazo la kufuga nyenje na mende wa chakula amfikirie geko wa New Caledonia mwenye miiba laini juu ya macho, aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Huyo hula unga wa matunda uliochanganywa na maji, na joto la kawaida la chumba humtosha, ila mkia ukimkatika hauoti tena.

Hata kwa geko chui, rangi ina mtego wake. Wafugaji wamechagua vizazi hadi wakapata rangi ambazo porini hazipo, na baadhi zimekuja na ugonjwa. Rangi iitwayo Lemon Frost, ya manjano meupe iliyowahi kuuzwa kwa maelfu ya dola, ni mfano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi uliounganisha rangi hiyo na jeni moja, na zaidi ya asilimia 80 ya wanyama wenye rangi hiyo hupata uvimbe wa saratani ya ngozi. Nyingine, Enigma, huzaa wanyama wanaoinamisha kichwa, wanaozunguka duara na kumkosa nyenje aliye mbele ya pua. Anayeendelea kuwazalisha kwa kuwa wananunuliwa, mimi simwiti mfugaji. Geko chui wa kawaida, wa manjano yenye madoa meusi, ni rahisi zaidi na kwa kawaida ni imara zaidi.

Mahali pazuri pa kununua ni pale unapoweza kuwaona wazazi wa geko. Mfugaji mdogo anayekukaribisha nyumbani kwake ni bora kuliko duka kubwa la wanyama, ambako kijana wa kaunta anajua bei tu. Mpime kwa swali hili: mayai yalianguliwa kwenye joto gani? Kwa geko chui, joto la kuatamia ndilo linaloamua jinsia. Kwenye nyuzi 26 au 27 wengi huwa majike, na likikaribia 32 wengi huwa madume. Aliyewazalisha mwenyewe atajibu bila kufikiri, na huenda akakushikilia nusu saa kwa maelezo. Aliyewanunua kwa jumla atababaika. Maonyesho kama ya Hamm si mabaya, mradi uende mapema, uchukue anwani, na usinunue siku hiyohiyo kwa sababu tu umechoka kuzunguka.

Njia inayosahaulika ni kumchukua aliyeachwa. Geko chui huishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo mtoto aliyemlilia akiwa darasa la tatu atamwacha kwa mama siku ya kwenda chuo. RSPCA, shirika la ustawi wa wanyama la Uingereza, hupokea reptilia wa aina hiyo, na Munich kuna kituo maalumu cha reptilia walioachwa au kunyang'anywa. Utampata geko aliyekomaa ambaye tabia yake inajulikana, mara nyingine pamoja na sanduku lake la kioo, taa na kidhibiti joto, vitu ambavyo kwa jumla huwa ghali kuliko mnyama mwenyewe.

Walio likizo nyumbani wasijaribu kumpakia mjusi kwenye begi. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na Kenya haina mzaha: mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na sisimizi wapatao 5,000. Kama sisimizi wamefikisha watu kortini, mjusi hatapita.

Ukishampata wa kumchukua, mtazame kabla ya kutoa pesa. Mkia uwe mnene; ukiwa mwembamba kama kijiti, huenda ni vimelea vya utumbo ambavyo tiba yake ni ngumu mno. Macho yawe wazi, vidole vyote viwepo bila mabaki ya ngozi kuukuu yanayovikaba, na taya zifunge sawa, kwani taya laini ni dalili ya kukosa kalsiamu. Omba umwone akila. Muuzaji akisema amekwisha kula leo, rudi kesho. Ukifika naye nyumbani na tayari una mwingine, mweke chumba tofauti kwa miezi miwili au mitatu, nawa mikono kila unapomshika kwa sababu ya salmonela, na peleka kinyesi chake kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia kabla wawili hao hawajatumia pamoja hata koleo la kulishia.